Picha inapogeuka kioo cha kujitazamia: tafuta chanzo cha mng'ao kabla ya kununua kioo kipya

"Fundi, marehemu mzee simwoni kwenye picha yake. Nikikaa kwenye kochi naona dirisha na mapazia yangu tu."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, na alikuwa ameshatumiwa hela na mwanawe aliyeko Dar es Salaam anunue "kile kioo kisichong'aa". Nikamwambia hela aiweke kwanza. Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba na chai ambayo huwezi kuikataa nyumbani kwa watu, nikamwomba kile kioo kidogo cha kuchania nywele. Nikashusha fremu, nikakibandika kioo ukutani palepale picha ilipokuwa, nikamwambia akae anapokaa siku zote.

"Unaona nini, mama?"

"Dirisha."

Nikakisogeza kulia, kama hatua mbili. "Na sasa?"

"Kabati la vyombo."

Kabati lenyewe lilikuwa la mninga, kahawia iliyoiva. Picha ikahamia hapo na kioo chake kilekile cha milimita 3, na mzee akaonekana hadi vifungo vya koti. Ile hela ya mwanawe sikuuliza ilikokwenda.

Tangu siku hiyo kioo cha kuchania nywele kimo kwenye mkoba wangu pamoja na futi na almasi ya kukatia. Kitu chochote utakachokiona ndani yake ukiwa umekaa mahali pako, ndicho kitakachojichora juu ya picha yako. Basi kabla hujatafuta kioo kingine, tambua dalili yako ni ipi kati ya hizi hapa chini. Baadhi hutibiwa kwa kioo, nyingine kwa msumari na nyundo.

"Naona dirisha, picha siioni"

Hili ndilo lalamiko la kila siku.

Kioo cha kawaida, kile cha dirishani, hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye uso wake wa mbele na asilimia 4 nyingine kwenye uso wa nyuma. Jumla inakuwa kama asilimia 8. Inasikika ndogo. Lakini asilimia 8 ya uwanja wa Dodoma saa sita mchana, uwanja wa mchanga mweupe usio na jani, ni mwanga mwingi kuliko ule ambao picha yako inaupata kwenye ukuta wa sebule yenye mapazia. Hapo dirisha linashinda picha, na kioo hakina kosa lolote.

Picha ikiwa na weusi mwingi, hali huwa mbaya zaidi. Suti nyeusi, joho la mahafali, picha ya usiku ya harusi: weusi huo unarudisha mwanga mdogo kuliko kioo kilicho mbele yake, kwa hiyo jicho linaona kioo kwanza. Ndiyo maana fremu mbili za aina moja zinaweza kukaa ukuta mmoja, ya ubatizo yenye nguo nyeupe ikaonekana vizuri, na ya mahafali ikawa kama simu iliyozimwa. Watu hudhani fundi alitumia vioo viwili tofauti.

Anza na mahali. Fanya kipimo cha kioo cha mkononi asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo wengi hulisahau: Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halipiti upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa 6 linapita kaskazini mwetu, mwezi wa 12 linapita kusini, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linakaa utosini saa sita mchana. Picha uliyoitundika wakati wa Krismasi ikatulia inaweza kuanza kukumulika mwezi wa 6 bila mtu kuigusa. Mteja akiniambia, "Mwanzoni kilikuwa kizuri, sasa kioo kimeharibika," swali langu la kwanza ni kwamba alitundika mwezi gani.

Pili, jaribu mwinamo. Maofisini picha ya Rais na ya Mwalimu hutundikwa juu, nyuma ya kiti cha mkuu, na mara nyingi zinatazamana na dirisha au na tyubu ya taa. Anayekaa kwenye kiti cha mgeni haoni uso, anaona mstari mweupe. Dawa ni kuinamisha sehemu ya juu ya fremu ije mbele kidogo. Mwanga huondoka kwenye kioo kwa pembe ileile uliyojia, kwa hiyo ukiinamisha nyuzi 5, taswira inahama nyuzi 10. Badala ya taa, mgeni anaonyeshwa sakafu, ambayo haina mwanga wa kumsumbua. Kuinamisha ni kazi ya dakika kumi: zile pete za waya nyuma ya fremu zishushe hadi theluthi moja kutoka juu, au chini zaidi kidogo, halafu legeza waya. Fremu itainama yenyewe kwa uzito wake.

Tatu, taa. Ukiwa na taa ya kuelekeza kwenye picha, iweke darini ili mwanga ushukie picha kwa pembe ya kama nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa timazi. Ikimulika kutoka mbele moja kwa moja inakurudia machoni. Ikikaa karibu mno na ukuta inamwaga kivuli cha fremu juu ya nyuso za watu.

Ukishahamisha, ukainamisha, ukageuza taa, na bado dirisha lipo ndani ya picha, sasa una haki ya kufungua pochi. Hii hutokea kweli: korido nyembamba yenye madirisha upande mzima, ukumbi wa kioo kitupu kama majengo mapya ya Mtumba, au ukuta pekee uliobaki ndani ya nyumba.

Vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Ukiomba dukani "kioo kisichong'aa" unaweza kupewa kimoja kati ya vitu viwili ambavyo hata undugu hawana.

Cha kwanza ni kioo mati. Uso wake umeliwa kwa asidi hadi ukapoteza ulaini, kama vile karatasi ya picha ya mati inavyotofautiana na ya glosi. Kioo hiki hakipunguzi mwanga unaorudi, kinautawanya. Dirisha lako halitaonekana tena na nondo zake, litakuwa wingu jeupe lililotandaa. Bei yake inavumilika.

Cha pili ni kioo chenye utando. Wenye miwani wanaujua: ukiigeuza miwani yenye utando huo kwenye taa, unaona mng'ao hafifu wa kijani au zambarau badala ya taa nyeupe. Utando huo ni mwembamba ajabu, kiasi cha robo ya urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana vikiwa vimepishana, vikafutana. Katharine Blodgett, mwanasayansi wa kampuni ya General Electric huko Marekani, alionyesha jambo hili mwaka 1938 kwa kupaka kioo tabaka juu ya tabaka za molekuli za aina ya sabuni. Vioo vya siku hizi vya makumbusho, kama Museum Glass ya Tru Vue, hushusha ile asilimia 8 hadi chini ya asilimia 1. Ukikitazama vizuri kioo kama hicho unaweza kudhani fremu ni tupu. Bei yake nayo ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida, na kwa kawaida ni cha kuagiza.

Mimi nikiulizwa, na naulizwa sana, jibu langu ni hili: mati kwa picha ya ofisini iliyobanwa karibu na kioo, utando kwa ile picha moja ambayo nyumba ikiungua ndiyo ungeiokoa kwanza, na kioo cha kawaida kwa nyingine zote.

"Mng'ao umeisha, lakini sura zimeingia ukungu"

Kosa hili nililifanya mwenyewe. Bwana na bibi harusi walitaka picha yao kubwa iwe ndani ya fremu ya kina, ile inayofanana na sanduku, pamoja na ua la koti la bwana harusi lililokaushwa. Ukuta wao ulitazama dirisha la magharibi, nami nikaona ujanja: nikaweka kioo mati. Kati ya kioo na picha palikuwa na nafasi kama sentimita 2. Bibi harusi alipokuja kuichukua akaitazama muda, kisha akasema polepole, "Kaka, mbona kama bado nimefunikwa shela?"

Alikuwa sahihi. Uso wa kioo mati unatawanya mwanga unaotoka kwenye picha vilevile unavyotawanya mwanga wa dirisha. Picha ikiwa imelala karibu kabisa na kioo, mtawanyiko huo haupati nafasi ya kufanya madhara. Kila inaporudi nyuma, kope zinaungana na nyusi. Jaribu mwenyewe kwa karatasi ya nailoni yenye ukungu: iweke juu ya gazeti, unasoma, inyanyue urefu wa kidole, herufi zinayeyuka.

Kwa hiyo kipimo ni umbali. Ukingo mmoja wa kadi kuzunguka picha, wa unene wa milimita moja na nusu hivi, mati inauvumilia, ingawa picha yenye maelezo madogo sana itapoteza ukali kidogo. Ukingo wa kadi mbili tatu, au fremu ya sanduku, usithubutu. Pale ni utando au kioo cha kawaida. Na ikiwa kioo chako cha mati kimeliwa kwa asidi upande mmoja tu, upande huo uangalie watu, usiangalie picha.

Mafundi wengine hukata mzizi wa fitina kwa kutumia kioo cha bafuni au kubandika ile stika ya ukungu ya milango ya ofisi. Ukikuta picha yako imekuwa hivyo, usitafute sababu nyingine.

"Weupe umekuwa kijani"

Kioo cha kawaida kina chembe za chuma, nazo ndizo zinazokipa ukijani. Kitazame kwa ubavu, kwenye ukingo uliokatwa, utaona kijani cha chupa. Kwenye unene wa milimita 2 au 3 huwezi kuona sana, lakini fundi wa madirisha akikupa mabaki ya milimita 5 au 6 kwa sababu "hiki ni kigumu, hakivunjiki", gauni la bibi harusi litabadilika rangi. Rudi kwenye milimita 2. Vioo vyenye chuma kidogo vipo, na vioo vya utando mara nyingi hutengenezwa kwa hicho.

Kama kijani au zambarau inaonekana tu pale taa inapojichora, na ukisogea inahama, huo ni utando wako unafanya kazi. Hakuna cha kurekebisha.

Rangi ya kahawia au ya moshi kwenye picha nzima? Umewekewa kioo cha giza cha dirisha. Mrudishie mwenyewe.

Matatizo ya akriliki

Akriliki, ambayo wengi huiita Perspex kwa jina la biashara, hairudishi mwanga mdogo kuliko kioo. Hili nalisema mapema kwa sababu watu hununua akriliki ya kawaida wakidhani plastiki haing'ai. Inang'aa sawasawa na kioo. Nayo ipo ya mati na ipo ya utando, na kila aina ina tabia zilezile nilizozieleza.

Sababu ya kuichagua ni uzito na usalama. Chukua fremu ya sentimita 60 kwa 90. Kioo cha milimita 3 cha ukubwa huo kina kilo 4 na zaidi. Akriliki ya unene huohuo haifiki kilo 2. Kwa picha inayotundikwa juu ya kitanda cha mtoto, au itakayosafiri kwa basi kwenda Kondoa au Singida, sifikirii mara mbili. Lakini plastiki ina maradhi yake, na Dodoma inayachochea.

Vumbi linanata na haliondoki. Akriliki huhifadhi umeme tuli, ule unaokufanya usikie nywele zikisimama unapovua sweta. Hewa ikiwa kavu, umeme huo hauna pa kukimbilia, na kiangazi chetu ni kikavu kweli. Ifikapo mwezi wa 8, upepo ukianza kubeba vumbi jekundu, mtu anafuta picha kwa kitambaa kikavu, vumbi linahama sentimita mbili na kurudi. Kadiri anavyosugua ndivyo anavyozidi kuichaji. Tena vumbi hilo lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko akriliki, kwa hiyo anachofanya ni kupiga msasa. Tumia kitambaa laini kilicholoweshwa na kukamuliwa, pitisha taratibu bila kukandamiza, suuza kitambaa, rudia. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke akriliki ya kawaida mbele ya mchoro wa mkaa au chaki. Umeme wake unaweza kuvuta unga kutoka kwenye karatasi. Zipo akriliki zilizotibiwa zisishike umeme, kama Optium, ila ukiona bei yake utakaa chini kwanza.

Nyufa ndogondogo kama tope la Bahi lililokauka. Hizi nilizileta kwa mkono wangu, kwenye kazi ya mtu, kwa kupulizia dawa ya kusafishia madirisha. Dawa nyingi za aina hiyo zina amonia au spiriti, na vyote viwili hushambulia akriliki. Siku ileile ilimetameta. Miezi michache baadaye, mwanga ulipoipiga ubavuni, ikaonekana imejaa nyuzi za ufa. Haikurekebishika, nikanunua nyingine kwa hela yangu. Maji na sabuni kidogo ya vyombo vinatosha.

Imepinda, inaigusa picha katikati. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni joto. Akriliki hutanuka mara saba au zaidi kuliko kioo: kipande cha mita 1 kikipata tofauti ya nyuzi 20 za joto kinaongezeka karibu milimita moja na nusu. Asubuhi ya Julai hapa ni baridi ya kuvaa koti, na ukuta wa magharibi chini ya bati saa kumi jioni unaweza kuunguza kiganja, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kufikirika. Fundi akiikata imebana kabisa ndani ya fremu, haina pa kwenda ila kutumbukia mbele au nyuma. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Ya pili ni wembamba: shiti ya milimita 1 au 2 kwenye picha ya mita nzima lazima ilegee. Nenda milimita 3 au 4.

Imekuwa ya njano. Akriliki halisi haigeuki njano haraka hivyo. Yaelekea uliuziwa polistirini, plastiki ya bei ya chini inayofanana nayo siku ya kwanza, ambayo jua huifanya njano na yenye kuvunjika kama biskuti. Fremu nyingi zilizokuja zikiwa tayari zimefungwa na plastiki huwa na hiyo.

Mikwaruzo midogo kwenye akriliki ya kawaida huweza kupunguzwa kwa dawa ya kung'arishia plastiki, na hata dawa ya meno nyeupe ikipakwa kwa pamba kwa subira. Kwenye mati au yenye utando usijaribu. Utaacha kipara kinachong'aa.

"Kuna madoa kama mafuta yaliyomwagika"

Duara zenye rangi za upinde wa mvua, au baka linaloonekana kama limelowa: picha imegusana na kioo. Upinde wa mvua ni wa hewa nyembamba iliyobaki kati ya nyuso mbili laini, na hauna madhara kwa sasa. Baka lililolowa ni hatari. Uso wa picha nyingi za studio ni gelatini, na gelatini ikipata unyevu hulainika na kushikana na kioo kama gundi.

Mtu atasema unyevu gani, na hii ni Dodoma. Masika yetu ni mafupi lakini yapo, Desemba hadi Aprili. Tena mji huu unajengwa kila kona, na watu hutundika picha juu ya plasta ambayo haijakauka vizuri kwa sababu wana hamu ya kuhamia. Ukuta mpya hupumua maji kwa wiki nyingi, na fremu iliyobanwa juu yake inayapokea yote kwa mgongo. Subiri ukuta ukauke, au angalau upe mgongo wa fremu hewa: kata vipande viwili vya ndala kuukuu, vidogo kama vidole, vigundishe kwenye kona za chini. Kama uliinamisha fremu kwa ajili ya mng'ao, juu tayari pana upenyo, vipande vyembamba vinatosha.

Ndani ya fremu, kinachotenganisha picha na kioo ni ule ukingo wa kadi, au vijiti vyembamba vilivyofichwa chini ya mdomo wa fremu. Hapa ndipo kioo mati na usalama wa picha vinapovutana: kimoja kinataka karibu, kingine kinataka mbali. Ukingo mmoja wa kadi ndio mapatano yao.

Ikishashikana, usiivute. Ichukue pamoja na kioo chake uipige skani au uipige picha vizuri kwanza. Ukiibandua, uso wa bibi utabaki kwenye kioo.

"Haing'ai tena, lakini inapauka"

Kuzuia mng'ao na kuzuia kupauka ni kazi mbili tofauti. Kioo mati cha kawaida hakizuii kupauka. Kinachosaidia ni kichujio cha mionzi ya urujuanimno, na vioo vya uhifadhi huchuja kama asilimia 99 ya mionzi hiyo. Vipo vyenye kichujio bila utando wa mng'ao, vipo vyenye vyote viwili, kwa hiyo uliza maswali mawili, si moja. Hata hivyo mwanga unaoonekana nao hupausha. Picha za rangi za miaka ya 1980, zile ambazo tayari zimeanza kuwa nyekundu, hazipaswi kukaa kwenye jua kwa kioo chochote. Chapisha nakala, nakala ndiyo itundikwe, ya asili ikae kwenye bahasha kabatini.

Ukiwa dukani

Kwanza, Dodoma ukisema unatafuta fremu, jitayarishe kuonyeshwa chumba cha biashara na kuambiwa kodi ya miezi sita. Sema "fremu za picha".

Halafu usiamini jina, amini macho. Shika kipande karibu na mlango, taswira ya nje ianguke juu yake. Ikirudi kali na nyeupe, ni cha kawaida hata wakikiitaje. Ikirudi kama wingu, ni mati. Kiweke juu ya maandishi madogo, kisha kinyanyue sentimita moja, uone kama unavumilia. Ikirudi hafifu na yenye rangi, umekutana na utando. Kutofautisha kioo na akriliki gonga kwa ukucha: kioo hulia, akriliki hutoa sauti butu, na ukikiweka shavuni kioo ni baridi zaidi.

Kama bei ya utando imekushinda na mati hupendi, kuna njia ambayo mafundi hatuipendi kuitaja kwa sababu haituingizii kitu: chapisha kwenye karatasi ya mati au kanvasi, usiweke kioo kabisa. Picha itahitaji kufutwa vumbi kwa uangalifu na haitaishi miaka mingi kama iliyofunikwa, lakini kwa nakala ambayo unaweza kuichapisha tena, sioni tatizo.

Na dalili ya mwisho, ambayo huwa inaniletea safari za bure hadi Nkuhungu na Kisasa: "Nimeweka akriliki mpya kabisa, picha ina ukungu na mapovu." Akriliki huja ikiwa imebandikwa nailoni nyembamba pande zote mbili ili isikwaruzike njiani. Wakati wa kufunga, ya ndani inabanduliwa, ya nje huachwa hadi picha ifike ukutani. Nyumba moja niliikuta bado ipo, mwaka wa tatu, na kona moja ilishaanza kujinyanyua. Nikaishika kwa kucha nikaivuta mbele ya baba mwenye nyumba, ikatoka nzima, kwa ule mlio wake. Alinitazama, akaitazama picha, akaita watoto waje waone.